Kuitoa sarafu ya Papa Paulo wa Sita kwenye slabu bila kuijeruhi

Swali: "Ndugu mtaalamu, marehemu baba alituachia sarafu tano za fedha za mwaka 1969, zile za ziara ya Papa Paulo wa Sita hapa Uganda, ndani ya boksi lake lenye nafasi sita. Iliyokosekana ni ya shilingi 10. Nimeipata kwa muuzaji wa ng'ambo, lakini imekuja imefungwa ndani ya slabu, yaani kasha gumu la plastiki la NGC, kampuni ya Marekani inayopima ubora wa sarafu, lebo yake imeandikwa PF 66 Ultra Cameo. Nataka kuitoa niirudishe kwenye boksi pamoja na nyingine tano. Nimejaribu kisu cha jikoni kwenye ukingo wa kasha, kikateleza. Fundi wa jirani anasema tulichovye kwenye maji ya moto au tulipige nyundo. Nifanyeje? Msomaji, Entebbe."

Dada, acha kisu, na maji ya moto usiyakaribie. Sarafu inaweza kutoka salama kwa zana za bei ndogo na nusu saa ya utulivu. Ila elewa jambo moja kabla hujaanza: kuvunja plastiki ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Sarafu nyingi huharibika plastiki ikishafunguka, pale mtu anapoona kasha limeachia akafurahi, akaingiza kidole, akasukuma, sarafu ikaanguka juu ya vipande vyenye ncha au ikabaki na alama ya dole gumba. Kwa hiyo nitaeleza kwa urefu zaidi sekunde zile za mwisho kuliko ukataji wenyewe.

Sarafu yako ni ya aina inayosamehe kidogo kuliko zote. Ziara ya Papa ilikuwa kuanzia 31 Julai hadi 2 Agosti 1969, mara ya kwanza kwa Papa aliye madarakani kukanyaga Afrika, na serikali ikatoa sarafu za ukumbusho: sita za fedha, yaani shilingi 2, 5, 10, 20, 25 na 30, na nyingine za dhahabu. Hazikukusudiwa kununulia sukari. Ni prufu (ndiyo PF ya kwenye lebo), sarafu zinazopigwa kwa mhuri uliong'arishwa ili uwanda wake uwe kama kioo na picha yake iwe nyeupe kama iliyonyunyiziwa barafu. Maneno "Ultra Cameo" kwenye lebo yanasifu tofauti hiyo kati ya kioo na weupe. Fedha safi ni laini, na kioo hicho kinaonyesha kila kitu. Kitambaa cha pamba ambacho hakiachi alama yoyote kwenye sarafu ya matumizi kitaacha michirizi myembamba kama nywele kwenye prufu, na michirizi hiyo haifutiki kamwe.

Sasa uamuzi. Unapovunja slabu, unavunja pia ahadi. Gredi 66, katika kipimo kinachoanzia 1 na kuishia 70, inadhaminiwa na kampuni wakati tu sarafu imo ndani ya kasha lisiloguswa. Ikitoka, wewe unajua ni PF 66, lakini mnunuzi wa kesho analazimika kukuamini kwa maneno. Hata ukiirudisha kwao ipimwe upya, hakuna anayekuhakikishia itarudi na namba ile ile. Inaweza kushuka, hasa ikipata doa njiani. Na njia yenyewe ni ndefu: ofisi kuu ya NGC iko Sarasota, jimbo la Florida, Marekani. Kuna nauli, kuna bima, na mzigo unaporudi URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, watataka kujua ni kitu gani na kina thamani gani. Kama kuna uwezekano wa kweli wa kuiuza miaka michache ijayo, iache ndani, uweke slabu pembeni ya boksi la baba. Kama seti ni ya familia na haiuzwi, sababu yako inatosha kabisa.

Kuna hali nyingine mbili ambazo huwapeleka watu kwenye nyundo bila haja. Ya kwanza ni slabu kuwa na mikwaruzo au ukungu kiasi kwamba sarafu haionekani vizuri. Hapo kinachougua ni kasha tu. Dawa ya kung'arishia plastiki, ile inayotumika kwenye taa za mbele za magari, hupakwa kidogo kwa kitambaa laini na mikwaruzo mingi ya juu hupungua. Ikishindikana, kampuni yenyewe ina huduma ya kubadilisha kasha, na wao ndio hulivunja. Ya pili ni mtu kutaka gredi ya kampuni nyingine. NGC na PCGS, kampuni kubwa mbili za Marekani zilizoanza kazi hii miaka ya 1980, kila moja ina utaratibu wa kupokea sarafu ikiwa bado ndani ya kasha la mwenzake, na hulivunja tu wakiridhika na kiwango ulichotaja. Usiwafanyie kazi hiyo mapema.

Angalia pia umri wa kasha. Slabu za miaka ya mwanzo zimekuwa vitu vya kukusanywa zenyewe. Ile ya NGC ya 1987 yenye kiini cheusi, na zile ndogo za PCGS za mwishoni mwa miaka ya 1980 ambazo sarafu hucheza na kulia ndani ukizitikisa, hutafutwa sana, wakati mwingine kuliko sarafu iliyomo. Ukiona lebo ya mtindo wa zamani usioujua, uliza kwanza.

Kabla ya kuligusa boksi la baba, lichunguze pia, na hapa nakusihi usiharakishe. Slabu inayokusumbua ndiyo iliyokuwa ikiilinda sarafu hiyo. Si kwamba haipitishi hewa kabisa. Hupitisha polepole, wala haizuii maji. Lakini plastiki yake haitoi kemikali za kuiudhi fedha. Boksi la zamani linaweza kutoa. Zitazame sarafu tano zilizomo. Kama zina weusi ulioanzia ukingoni kuelekea katikati, au rangi ya manjano na kahawia upande ule tu uliolalia kitambaa, basi boksi linatoa salfa, na sarafu yako nyeupe itafuata njia hiyo hiyo. Kama kuna utando wa kijani unaonata, au harufu kama ya pazia jipya la bafuni, basi kuna PVC, plastiki laini ambayo ikizeeka hutoa asidi inayokula chuma.

PVC hupimwa nyumbani. Chukua waya wa shaba wa urefu wa sentimita 20, uliovuliwa ganda lake, ushike kwa koleo. Uchome kwenye moto wa gesi mpaka moto uache kubadilika rangi. Gusisha waya wa moto kwenye kipande kidogo cha plastiki ya boksi, mahali pasipoonekana, kisha uurudishe motoni. Moto ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini, na karibu kila mara ni PVC. Fanya nje, moshi wake haufai kuvutwa, na sarafu ziwe chumba kingine. Kama boksi limeshindwa jaribio hili, lihifadhi kama kumbukumbu ya mzee na uzitafutie sarafu zote sita makao mengine. Nitarudi hapo.

Turudi kwenye slabu. Ina vipande vinne: nusu ya mbele na nusu ya nyuma za plastiki ngumu inayong'aa, lebo ya karatasi, na kiini, yaani kipande chenye tundu kinachoishika sarafu isicheze. Nusu mbili hazikugundishwa kwa gundi. Zimeunganishwa kwa mtetemo wa kasi kubwa kupita usikivu wa sikio, ambao hutoa joto kwenye ukingo pekee na kuyeyusha plastiki mbili zikawa moja. Ndiyo sababu kisu chako kiliteleza: hakuna mshono wa kuingiza ncha. Ndiyo sababu pia maji ya moto hayasaidii. Joto la kutosha kulainisha muunganiko ule litakuwa limekwisha kupinda kasha zima juu ya sarafu, na maji yatapenya ndani kabla ya hapo na kuacha madoa. Kuiweka kwenye friji ili plastiki iwe rahisi kuvunjika nako ni kosa kwetu huku pembeni mwa Ziwa Nalubaale (Viktoria): ukiitoa tu, unyevu wa hewa ya Entebbe unageuka matone juu ya fedha baridi. Na asetoni, ambayo wengine huipendekeza, huyeyusha kasha likawa ute, na ute huo hushuka juu ya sarafu.

Kinachofungua slabu ni udhaifu wa plastiki yenyewe: ni ngumu lakini haipindi, hivyo ukiibana kwa nguvu mahali pembamba hupasuka, na ufa hukimbia kufuata ukingo ulioyeyushwa. Kazi yako ni kuchagua ufa uanzie wapi. Chukua rula. Slabu ina urefu wa takribani sentimita 8.5 na upana wa 6. Pima kutoka ukingo wa sarafu hadi ukingo wa kasha, upande wa kushoto, kulia na chini. Kwa sarafu kubwa utapata karibu sentimita 1 tu, pengine pungufu. Kisha pima juu, penye lebo: hapo kuna sentimita tatu hivi ambamo hakuna sarafu. Basi kila chombo kitaingia upande wa lebo, na hakuna chombo kitakachovuka mstari wa chini wa lebo. Chora mstari huo kwa kalamu ya wino mzito pande zote mbili ili macho yasikudanganye katikati ya kazi.

Zana: koleo la kukatia waya, lile la meno yanayokutana ubavuni, lenye urefu wa inchi 7 au 8, kwa sababu dogo la mafundi simu halina nguvu. Duka lolote la vifaa vya ujenzi linalo. Bisibisi bapa ya upana wa milimita 6 hivi, ncha yake ikiwa butu. Miwani ya kinga, maana vipande huruka kwenda machoni. Selotepu pana. Kavera moja kubwa, yaani mfuko wa plastiki, inayoonyesha ndani. Taulo mbili safi za pamba zilizofuliwa na kusuuzwa vizuri bila dawa ya kulainishia. Sinia pana yenye ukingo, ili sarafu ikikimbia isifike sakafuni. Mkasi. Vijiti vya meno vya mti. Na puto la mpira, lile la kuvutia kamasi za watoto wachanga linalouzwa famasi, jipya kabisa, litakalotumika kupuliza hewa.

Kapsuli, yaani kile kikasha cha mviringo cha akriliki kinachofungwa kwa kubonyezwa, iwe imeshanunuliwa, imefunguliwa na iko mezani kabla hujakata chochote. Pima kipenyo cha sarafu kupitia plastiki kwa rula na ununue ya milimita hizo hizo. Sarafu iliyotoka isisubiri mtu aende mjini.

Piga picha za pande zote mbili za slabu, lebo ikisomeka, na uingize namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni. Picha watakayokuonyesha ilingane na uliyonayo. Slabu za bandia zipo, zenye sarafu za bandia ndani, na ukishavunja huna tena cha kumrudishia muuzaji.

Chagua asubuhi, karibu na dirisha, watoto wakiwa shule. Nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa. Tandika taulo moja kwenye sinia. Bandika selotepu juu ya kasha pande zote mbili, ifunike eneo lote la sarafu na kuvuka pembeni. Plastiki ikipasuka, vipande vitabaki vimeshikana badala ya kuanguka ndani. Vaa miwani. Ingiza sinia na slabu ndani ya kavera, mikono yako na koleo vikiingilia mdomoni mwake. Kavera inazuia vipande kuruka huku ukiona unachokata; ungefunika kwa taulo usingeona.

Anza na kona ya juu kushoto. Koleo liume milimita 3 hadi 4 tu, si zaidi, na ubane polepole mpaka usikie mlio. Usipinde mkono wala kuzungusha koleo. Bana, achia, sogea. Kona ya juu kulia vivyo hivyo. Kisha tembea kwenye ukingo wa juu, ukiuma kila milimita 5, halafu shuka ubavuni kushoto na kulia ukikomea kwenye mstari uliochora. Kosa la kawaida hapa ni tamaa: mtu anauma sentimita nzima mara moja, plastiki nene inakataa, anaongeza nguvu, kisha ufa unaachia kwa kishindo na kuelekea katikati badala ya kufuata ukingo. Ukiona ufa umeanza kushuka kuelekea sarafu, acha upande huo na uhamie mwingine. Kiini huwa ngao nzuri, lakini si ya kutegemea.

Mara nyingi baada ya kuumwa mara sita hadi kumi, nusu mbili huanza kuachana juu na unaona upenyo. Sasa laza slabu kwenye taulo, uso wa sarafu ukitazama juu, na tangu hapa isiinuliwe tena. Ingiza ncha ya bisibisi kwenye upenyo wa juu, isipite sentimita 1, kisha izungushe kama unayefungua skrubu. Usiisukume ndani na usiitumie kama mtaimbo. Kuzungusha kunatenganisha nusu mbili kwa milimita chache bila ncha kusonga mbele. Kusukuma kukiteleza, bisibisi inafika kwenye fedha kabla hujajua. Utasikia ukingo ukiachia, tak, tak. Hamia kona nyingine, rudia. Ukingo wa chini ukibaki umeshika, ni sawa: shika nusu ya juu kwa vidole na uifungue taratibu kama jalada la kitabu.

Simama. Toa koleo, bisibisi na vipande vyote nje ya sinia. Hii ndiyo dakika niliyoisema. Kwenye nusu ya chini kumebaki kiini na sarafu yako ndani yake, labda na vumbi la plastiki. Kunja taulo ya pili mara nne, iweke karibu. Inua kiini kwa kukishika pembeni, usiguse sarafu, kisogeze juu ya taulo iliyokunjwa, umbali wa sentimita 1 au 2 tu kutoka kitambaani. Na nyamaza. Tone la mate lisiloonekana likitua kwenye prufu huacha doa dogo jeusi miezi baadaye, na watu hushangaa limetoka wapi.

Kiini cha NGC cha siku hizi hushika sarafu kwa ndimi ndogo nne, zinazoacha ukingo uonekane. Shika pembe mbili za kiini zinazopingana na ukipinde kidogo kuelekea nje, tundu litanuke; sarafu hujilegeza na kulalia taulo. Isipotoka, tumia kijiti cha meno: sukuma ulimi mmoja kuelekea nje, mbali na sarafu, kisha ulimi wa jirani yake. Kiini cha zamani kisicho na ndimi hubana mzunguko mzima. Hicho kikate kwa mkasi, kutoka nje kuelekea sarafu, ukiacha milimita 5 kabla ya kuifikia. Fanya hivyo pande mbili zinazokabiliana, halafu kipinde mpaka kichanike chenyewe hapo palipobaki. Usisukume sarafu kwa kidole usoni hata kama inaonekana imebakiza nywele. Wala kibano cha chuma kisiingie kabisa kwenye kazi hii. Kwa wenye slabu za PCGS, mambo ni mepesi kidogo: sarafu huzungukwa na pete inayoonyesha ndani, nayo hunyooshwa kwa vidole mpaka iachie.

Ishike sarafu kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, daima juu ya taulo. Glavu za pamba zinapendwa kwenye picha, lakini huteleza na nyuzi zake hubeba mchanga. Mikono mikavu iliyonawa, au glavu nyembamba za hospitali zisizo na poda, ni bora.

Vumbi la plastiki hung'ang'ania kwa umeme tuli. Shawishi la kulifuta litakuwa kubwa, usilifute. Lipulize kwa lile puto, sarafu ikiwa imeinama. Likibaki chembe moja au mbili, jiulize kama zinaonekana kwa jicho tupu; kama hazionekani, funga kapsuli na umalize. Kama zinaonekana, suuza kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) kwenye bakuli la kioo, na hapa kuna hatari ya jina. "Maji ya betri" yanayouzwa vituo vya mafuta yanaweza kuwa maji safi yaliyotoneshwa, au yanaweza kuwa asidi ya salfa, na wauzaji wengine huita vyote jina moja. Soma chupa, au nunua famasi. Baada ya maji, ichovye kwenye asetoni safi ya maabara ndani ya chombo cha kioo kwa nusu dakika. Hiyo huondoa maji, ikishatolewa hukauka yenyewe bila kuguswa. Ya kuondolea rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Na mpangilio huo ni lazima: ukianza na asetoni vumbi likiwa bado juu, inaliyeyusha na kulitandaza kama utando. Asetoni hushika moto upesi, hivyo isikaribiane na sigiri wala mshumaa.

Hapo ndipo usafi unapoishia. Ndimu, majivu, dawa ya meno, sabuni ya unga, kitambaa cha kung'arishia vijiko vya fedha: kila kimoja kati ya hivi huondoa tabaka la fedha lenyewe au huikwaruza, na mtaalamu huona kwa kuielekeza tu kwenye taa. Nalisema hili kwa sababu ya zile tano za baba. Ukiweka sarafu nyeupe kutoka kwenye slabu katikati ya ndugu zake waliopata rangi ya uzee, mkono utawasha kuzisafisha zifanane. Tafadhali usifanye. Rangi ile imekaa zaidi ya miaka 50 na chini yake uso wa kioo huenda uko mzima.

Fundi wako amezungumzia nyundo. Inafanya kazi, nakubali: slabu husimamishwa kwa ukingo, imefungwa kwenye taulo, ikapigwa kwenye kona ya lebo. Kwa sarafu ya shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 iliyokwisha kupita mikono elfu, ambayo ni fedha asilimia 25 tu na iliyobaki ni chuma kigumu zaidi, hatari inavumilika. Kwa prufu ya fedha safi, hapana. Pigo haliwezi kupunguzwa likishatoka, na vipande huingia ndani wakati ule ule sarafu inaporuka. Jiliwa la mafundi chuma wa Katwe, Kampala, ni bora kuliko nyundo, kwa kuwa unalikaza robo mzunguko kwa wakati: libane kona ya lebo peke yake, slabu ikiwa imefunikwa, mpaka ukingo uachie, kisha endelea na bisibisi. Msumeno wa chuma nao hukata, ila unga wake ni mwingi na ndio utakaokutesa mbele.

Wanaokusanya senti za zamani wajue tofauti mbili. Senti moja ya 1907 na 1908 ya East Africa and Uganda ni ya aluminiamu, kabla hazijaanza kufuliwa kwa shaba-nikeli mwaka 1909. Ni nyepesi mno na laini, kasha likiachia ghafla inaruka kama ganda, kwa hiyo kavera na selotepu si hiari. Senti 10 za shaba zenye tundu zikiwa bado na wekundu wake wa asili huchukua alama ya kidole ndani ya siku chache kwa unyevu wetu, na alama hiyo haitoki.

Makao, sasa. Kapsuli huenda isiingie kwenye nafasi ya boksi, kwani huongeza milimita kadhaa kila upande. Kama boksi limepita ukaguzi wa salfa na PVC, na nafasi inaibana sarafu vizuri, unaweza kuiweka bila kapsuli, ukijua kila mguso kuanzia hapo unahesabika. Pendekezo langu ni tofauti: kapsuli sita, kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, pamoja na vifuko viwili au vitatu vya silika, chembe zinazonyonya unyevu, na boksi la baba likae pembeni likiwa na picha za sarafu zake. Masanduku ya mbao, hata yale mazuri ya mvule, yaepuke kwa fedha, kwa kuwa mbao hutoa mvuke wenye asidi. Mpira wa kufungia noti usiwemo ndani ya kopo, una salfa. Silika ikaushwe upya kila baada ya miezi miwili wakati wa mvua, kwenye kikaango kikavu na moto mdogo, ipoe kabla ya kurudishwa.

Lebo usiitupe na usimpe mtu. Namba iliyo juu yake bado inahesabiwa kwenye orodha ya kampuni kama sarafu iliyomo ndani ya kasha, na kuna watu wanaotafuta lebo halisi ili wazifungie sarafu nyingine. NGC hupokea lebo zilizotolewa ili waifute namba hiyo. Kama hutaituma, ikate kwa mkasi katikati ya namba, vipande vyote viwili viwe kwenye bahasha pamoja na picha ulizopiga mwanzoni, na uandike nyuma ya picha moja tarehe ya kufungua slabu na uzito wa sarafu ulioupima siku hiyo kwa mizani ya sonara.